Biskuti ya Kifungo

Wodi nzima ya watoto ilijua kuwa Daktari Wembe hana dogo. Jina hilo la Wembe alipewa na wanafunzi wake kwa sababu ya ulimi. Alikuwa kijana bado, mwembamba, mwenye viatu vinavyong'aa, na kila asubuhi alipowapitisha wanafunzi kitanda hadi kitanda, hata wagonjwa walikaa mkao wa kusikiliza. Ilikuwa burudani yao.

"Wewe Mrefu! Hilo ni tumbo la mtoto, siyo parachichi. Unabonyeza hivyo unataka kujua kama limeiva?"

Kina mama vitandani wakacheka. Kijana aliyeitwa Mrefu akarudisha mkono wake mfukoni haraka, kana kwamba umeungua.

"Na wewe Miwani, mtoto anakohoa huku, wewe unasikiliza kule. Unapima kitanda?"

Binti mwenye miwani naye akainamisha kichwa. Kisha Wembe akafika kwa mwanafunzi wa mwisho, na hapo sauti yake ikashuka, mikono ikarudi nyuma ya mgongo, akawa kama mtu aliyeingia ukumbini kwa wakwe zake.

"Shikamoo, mama. Hebu msikilize na wewe. Umeusikia ule mlio wa moyo?"

"Marahaba. Nimeusikia, daktari."

"Vizuri sana, mama."

Hakuusikia. Alisikia mvumo tu, kama mtu aliyeweka sikio kwenye debe. Lakini hakuna aliyemuuliza mara ya pili, na kundi likasonga kitanda kinachofuata.

Huyu aliyeitwa mama alikuwa mwanafunzi kama wale wengine wawili. Alivaa koti jeupe kama wao, alifanya mitihani ileile, na alifeli na kufaulu kama wao. Tofauti ni kwamba alikuwa amevuka arobaini, ana mume na watoto watatu, na kabla ya kuja kusomea udaktari alifundisha biolojia sekondari kwa miaka mingi. Wenzake walimwita Mama Mkubwa. Walimwita kwa mapenzi, wakimletea maswali yao ya ndoa na kumwomba sindano na uzi vifungo vyao vikikatika.

Wagonjwa ndio walioongeza chumvi. Walipoliona kundi linaingia, walimpita Wembe na viatu vyake wakamfuata yeye. "Shikamoo, daktari mkuu! Mwanangu huyu hapa!" Mwanzoni aliwasahihisha. "Mimi mwanafunzi tu, daktari ni huyu hapa." Wakacheka, wakidhani ni unyenyekevu wa mkubwa. Baadaye akachoka kuwasahihisha. Baadaye tena, na hili hakumwambia mtu yeyote, akaanza kupapenda pale walipomweka. Alijifunza kutikisa kichwa polepole na kusema "tutaona."

*

Nyumbani hakukuwa na daktari mkuu. Mume wake alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele kilikuwa karakana yake. Ili ufike jikoni ilibidi uruke vitambaa. Yeye ndiye aliyemshonea mkewe lile koti, na kwa kuwa mkewe alilalamika kuwa vitu vinadondoka kila anapoinama, alimwongezea mfuko wa ndani, wa kina kirefu, upande wa kushoto.

"Huu hata ukisimama kichwa chini, kitu hakitoki," alimwambia, akiuvutavuta kuupima nguvu.

Mama mkwe alihamia kwao kulea watoto. Alikuwa na mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. "Wenzako wa rika lako wanasubiri wajukuu," alisema huku akimenya vitunguu, "wewe unasubiri mtihani." Kisha anacheka peke yake mpaka machozi, ya kicheko na ya vitunguu. Lakini wageni walipokuja, mama mkwe huyohuyo alikuwa wa kwanza kusema, "Mkwe wangu daktari yuko kazini."

Kitinda mimba wao alikuwa binti wa miaka mitano. Baba yake alimwita Kifungo kwa sababu alishinda chini ya cherehani akiokota vifungo vilivyodondoka na kuvipanga kwa rangi. Siku moja Kifungo alimsikia mama yake akisema ameshinda na njaa hospitali. Tangu hapo, kila asubuhi, alichukua biskuti moja kwenye kopo, akaifunga kwa kipande cha karatasi, akaisukuma ndani ya ule mfuko mrefu mpaka mkono wake uishe. "Ya kwako," alisema kwa ukali. "Usimpe mtu."

Asubuhi ya siku ile Kifungo aliamka na homa. Alimng'ang'ania mama yake mlangoni kama kupe. Hakutaka maji, hakutaka dawa, hakutaka bibi. Biskuti aliiweka vilevile, huku analia.

"Nenda, nenda!" Mama mkwe alimbandua vidole kimoja kimoja. "Homa ya mtoto mimi nimeijua wewe hujazaliwa. Au unataka kunifundisha na mimi?"

Akaenda. Kilio kilimfuata mpaka njia kuu, na hata alipokuwa hakisikii tena aliendelea kukisikia.

*

Katika wodi ya watoto kulikuwa na binti wa miaka mitatu ambaye manesi walimbandika jina la Komando, kwa jinsi alivyopigana na sindano. Alikuwa na ngiri: kivimbe kinenani kilichotoka akilia na kurudi akilala. Upasuaji wake haukuwa mkubwa, ila ulikuwa wa lazima, kwa sababu utumbo ukinaswa pale siku moja, mtoto anaweza kufa njiani kabla hajafika hospitali. Daktari wa upasuaji wa watoto alikuja siku moja tu kwa wiki. Ukikosa siku yako, unasubiri wiki nyingine.

Mama yake Komando alikuwa msichana mdogo, sauti yake ya chini, ile ya mtu aliyezoea kuambiwa anyamaze. Jana yake mchana, Mama Mkubwa ndiye aliyetumwa kumweleza masharti. Aliyaeleza kwa sauti yake ya darasani, kidole juu.

"Kesho asubuhi mtoto asile. Siyo uji, siyo chai, siyo hata tonge la kumnyamazisha. Akipewa dawa ya usingizi na tumboni kuna chakula, kitarudi juu kiingie mapafuni. Umenielewa, mama?"

"Nimeelewa, daktari."

"Rudia niliyosema."

Msichana alirudia neno kwa neno, kama mwanafunzi wa mbele. Mama Mkubwa hakumsahihisha lile neno daktari.

Asubuhi hiyo basi, Mama Mkubwa aliingia wodini kabla ya wenzake. Kwenye ujia, karibu na bafu la kina mama, alimkuta mtoto amekaa sakafuni analia. Mama yake alikuwa ndani anaoga haraka haraka apate kuingia naye chumba cha upasuaji akiwa msafi, na alikuwa amemwachia jirani wa kitanda, ambaye naye mtoto wake alikuwa anatapika. Komando alikuwa ametoroka.

Kilio kilikuwa kilekile. Kilikuwa cha nyumbani, cha mlangoni. Mama Mkubwa hakufikiri. Alimwinua, akamweka kiunoni upande wa kulia, mahali ambapo watoto wake watatu walikaa wakapaacha pamepinda, na mkono wake wa kushoto ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa ndani. "Basi, basi, mama. Nyamaza. Shika hii." Mtoto akanyamaza. Alitafuna huku akimtazama kwa macho yaliyojaa maji. Mama Mkubwa alimfuta mdomo kwa pindo la koti, akamrudisha kitandani, akampapasa mgongo, akaenda kunawa mikono. Njia nzima alikuwa akiwaza homa ya Kifungo. Kama ungemsimamisha pale ukamuuliza umefanya nini sasa hivi, angekwambia hajafanya kitu.

*

Komando alirudishwa wodini kutoka chumba cha upasuaji akiwa macho, mikononi mwa nesi mwenye kofia ya kijani na uso uliokunjwa kwa hasira.

"Nani amemlisha mtoto huyu?"

Kina mama wakatazamana.

"Nimemfungua mdomo nikakuta makombo kwenye meno. Na kwenye nguo. Tungemlaza sisi, tungemuua!"

Sista wa wodi, mwanamke mpana aliyetembea kama meza inasukumwa, alimgeukia yule msichana. "Wewe. Uliambiwa nini jana?"

"Sijampa kitu, sista."

"Makombo yameota?"

"Haki ya Mungu sijampa. Nilikuwa naoga. Naapa kwa huyu mwanangu."

"Usimwapie mtoto! Mnaambiwa, mnaitikia ndiyo ndiyo, mkigeuka mnafanya yenu. Halafu mtoto akifa mnasema hospitali imeua. Daktari wa upasuaji ameshaita mtoto mwingine. Wewe utasubiri wiki ijayo, na ujue umejitakia."

Msichana akalia mbele ya wodi nzima. Alilia bila kujifunika, mikono chini, kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa. Mama mmoja wa kitanda cha dirishani akasema, siyo kwa sauti ndogo, "Hawa wadogo wadogo wanazaa hawajakua."

Mama Mkubwa alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka hapo. Aliposikia neno makombo ndipo alipoikumbuka biskuti. Alitazama pindo la koti lake. Lilikuwa na doa la hudhurungi, dogo, la mate na sukari. Alilikunja ndani kwa vidole viwili.

Sema, alijiambia. Sema sasa. Mdomo ukakataa.

Wembe akawageukia wanafunzi wake. "Kuna aliyempa kitu mtoto huyu? Mrefu?"

"Hapana, daktari."

"Wewe huchelewi. Juzi ulikuwa unagawa pipi hapa kama bwana harusi. Hebu geuza mifuko."

Mrefu akageuza mifuko. Ikatoka kalamu, peremende moja na aibu. Wodi ikaguna. "Peremende!" Wembe akaishika juu kama ushahidi. "Miwani na wewe." Miwani naye akageuza, hana kitu.

Kisha Wembe akafika kwa Mama Mkubwa, na mikono ikarudi nyuma ya mgongo.

"Mama, wewe sikuulizi. Wewe umelea."

Wakapita.

*

Nyumbani siku hiyo homa ya Kifungo ilikuwa imeshuka. Alimpokea mama yake na vifungo vyekundu kiganjani.

"Biskuti ulikula?"

"Nilikula."

"Yote?"

"Yote, mama. Asante."

Mume wake alikuwa anapima suruali ya jirani mmoja, na yule jirani, akiwa amesimama na pini kiunoni, akasema, "Daktari karudi! Daktari, hebu niambie, mimi nikipanda ngazi moyo unadunda mpaka masikioni. Ni nini?"

"Nenda hospitali," alisema.

"Si ndiyo wewe hospitali yenyewe!"

Wakacheka wote. Yeye alipita moja kwa moja mpaka uani, akalitia koti kwenye beseni na sabuni, akasugua pindo mpaka vidole vikauma. Mama mkwe alisimama mlangoni akimtazama.

"Hilo koti lina damu?"

"Hapana."

"Basi mbona unalifua kama limeua mtu?"

Alichota maji mengine, akaendelea kusugua.

*

Kesho yake alipofika wodini, kitanda cha Komando kilikuwa na mfuko umefungwa juu yake, na pembeni yake amesimama mwanamke mgeni, mwenye mtandio wa manjano na sauti ya kuitia watu mtoni. Alikuwa dada wa mume. Amekuja kumchukua mtoto.

"Kaka yangu amesema turudi, basi," alikuwa akiwaambia majirani wa vitandani kama waliomuuliza. "Wifi yangu huyu kuoga kwenyewe hajui, atalea? Umeambiwa mtoto asile, unamlisha. Mtoto ana ngiri, mama yake ana tumbo badala ya kichwa!"

"Wifi, sikumlisha," alisema msichana. Alisema bila nguvu, kama mtu anayekariri.

"Nani sasa, panya?"

Watu wakacheka kidogo, wakaona haya, wakaacha. Sista alikuwa mezani kwake akiandika. "Akiondoka ni juu yake," alisema bila kuinua uso. "Sisi hatumfungi mtu kamba."

Mama Mkubwa alitazama ule mfuko. Alijua kilichofungwa ndani yake. Mtoto ataondoka na kivimbe chake. Atacheka, atakimbia, na siku moja atalia sana, kivimbe kitatoka na hakitarudi, na hospitali itakuwa mbali.

Alimfuata Wembe kwenye ujia, pale pale karibu na bafu.

"Daktari, nina neno."

"Shikamoo, mama. Karibu."

"Yule mtoto nilimpa mimi. Biskuti. Nilikuwa nayo mfukoni."

Wembe alimtazama, kisha akatazama viatu vyake. Masikio yake yalibadilika rangi. Mama Mkubwa alisubiri ule wembe ushuke, na karibu auombe.

"Mama," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini kabisa, "yaache. Imeshapita. Nitaongea na Sista, nitamwambia tumechunguza na haikujulikana. Wewe ni mtu mzima. Sitaki uaibike mbele ya watoto hawa."

"Angekuwa Mrefu ungefanyaje?"

"Mrefu ningemchana hadharani. Angetamani kurudi kwao."

"Na mimi je?"

Wembe alijikuna shingo. Alionekana mdogo ghafla, kama mvulana aliyetumwa kumgombeza shangazi yake. "Mama, siwezi. Ninakuona, namwona mama yangu mzazi. Siwezi."

Basi. Hapo ndipo Mama Mkubwa alipoielewa ile heshima yote aliyokuwa akiifurahia. Watu walikuwa wamemfunika nayo kama meza iliyovunjika mguu inavyofunikwa kitambaa kizuri, na chini yake miezi imepita, hasikii moyo na hakuna aliyejua. Alijikaza kisabuni, akageuka, akarudi wodini peke yake.

Alisimama mbele ya kile kitanda.

"Mimi ndiye niliyempa mtoto chakula," alisema.

Ilitoka kwa sauti ile ya darasani, hakuwa na nyingine, kwa hiyo wodi nzima ilisikia. Yule wifi mwenye mtandio wa manjano aligeuka. Sista aliinua uso. Mrefu, aliyekuwa dirishani, akaacha mdomo wazi.

"Jana nilimkuta anamlilia mama yake kwenye ujia. Nikampa biskuti. Mama yake hakujua. Hakumlisha yeye. Nilimlisha mimi."

"Wewe?" Wifi alimtazama juu mpaka chini, koti, nywele, miaka. "Daktari mkuu?"

"Siyo daktari. Mwanafunzi."

"Mwanafunzi! Na uzee huo?"

Hakuna aliyecheka. Mama Mkubwa alimgeukia yule msichana, na alipokosa mahali pa kuweka mikono, magoti yakaanza kukunjika yenyewe. Msichana aliona, akaruka nyuma.

"Usinipigie magoti!"

Ilikuwa mara ya kwanza wodi kumsikia akipaza sauti.

"Wewe ni kama mama yangu. Ukinipigia magoti itabidi nikusamehe, na mimi sitaki kukusamehe." Alimnyooshea kidole. "Jana nimemwapia mwanangu mbele za watu. Nimelia hapa. Na wewe ulikuwa umesimama pale. Pale pale! Nilikuwa nakutazama wewe, nikasema huyu daktari ananijua mimi, juzi nimemrudia maneno yote, huyu atanisemea."

Mama Mkubwa alibaki nusu ameinama, nusu amesimama. Alitamani sakafu ifunguke, na sakafu, saruji ya kijivu iliyopigwa deki muda si mrefu, ilibaki palepale na maji yake.

Wifi ndiye aliyesogea kwanza. Alifungua fundo la ule mfuko, akatoa khanga moja, akaitandika upya kitandani kwa makofi makali. "Haondoki mtu hapa," alisema. "Mlimlisha wenyewe, mtampasua wenyewe." Kisha, bila kumtazama wifi yake, kwa sauti nyingine kabisa, "Kaa chini, wewe. Umekula kitu tangu asubuhi?"

*

Mambo mengine yalifuata njia yake. Sista alipeleka habari ofisini. Mkuu wa mafunzo, mzee mwenye kikohozi, alimwita Mama Mkubwa, akamwambia kuwa kosa la kulisha lingeweza kumpata yeyote aliyechoka, lakini kukaa kimya lilikuwa kosa la mtu aliyeamua. Atarudia zamu yote ya wodi ya watoto. Wenzake watamaliza, yeye atabaki nyuma. Alisaini.

Mume wake alisikiliza akiwa ameshika mkasi. Hakusema lolote la kumpa moyo, hakuwa mtu wa hivyo. Aliuliza tu, "Ni ule mfuko wa ndani?" Aliposikia ndiyo, alilichukua koti, akaligeuza, akautazama mshono wake mwenyewe kwa muda mrefu.

Kumwambia Kifungo kulikuwa kugumu kuliko ofisini.

"Ulisema ulikula," alisema Kifungo.

"Nilidanganya."

"Nilisema usimpe mtu."

"Ulisema."

Kifungo alifikiri, akakusanya vifungo vyake vyote, hata vile vya bluu alivyokuwa amempa mama yake achezee, akaenda navyo kwa bibi yake. Kesho yake asubuhi, mfuko haukuwa na biskuti. Kesho kutwa pia.

*

Siku ya upasuaji ikafika tena. Kundi liliingia wodini, Wembe mbele. Komando alikuwa amekaa mapajani mwa mama yake, njaa imemkunja uso, akitafuna ncha ya nywele zake. Wifi alikuwa ameketi kitandani kama askari wa zamu.

Mama Mkubwa alikuwa nyuma kabisa ya kundi. Alipokikaribia kitanda, yule msichana akamkabidhi wifi mtoto, akasimama, akaja mpaka mbele yake. Hakuamkia. Alinyoosha mkono, akaupapasa mfuko wa nje wa koti jeupe.

Wembe alifungua mdomo, akaufunga.

Mama Mkubwa aliinua mikono yote miwili juu, kama watu wanavyofanya wakipekuliwa mlangoni. Msichana alipekua bila haraka. Mfuko wa kulia: kalamu, tochi ndogo. Wa kushoto: futi ya kupimia, ya kitambaa, ya fundi. Kisha akaugundua ule mfuko wa ndani, akatumbukiza mkono wake wote mpaka kiwiko, akatoa soksi. Soksi moja ya mtoto, ya njano, iliyoingia humo siku gani haijulikani. Aliitazama, akainusa, akairudisha.

"Hana," alimwambia wifi yake.

Mama Mkubwa alikuwa bado ameinua mikono. Mrefu alikuwa anatazama dari, kwa adabu, na adabu ile ilimchoma zaidi.

Wembe akakohoa. Mikono yake ilikuwa nyuma ya mgongo. Kisha ikatoka.

"Wewe," alisema.

Miwani aligeuka kuona anaambiwa nani.

"Wewe, mwanafunzi. Shusha mikono, hapa siyo mpakani. Mpime huyu mtoto moyo kabla hajaenda."

Aliinama, akashusha kutoka shingoni chombo cha kusikilizia moyo, akakiweka kifuani kwa Komando. Mvumo. Debe.

"Unasikia nini?"

Jibu la siku zote lilikuwa tayari ulimini. "Sisikii, daktari," alisema.

"Husikii leo?"

"Sijawahi kusikia vizuri. Tangu nianze."

"Tangu uanze!" Sauti ya Wembe ilipanda mpaka mwisho wa wodi. Mwanzoni ilikwama kidogo, kisha ikapata njia. "Miezi yote nakuuliza, unatikisa kichwa kama mjusi ukutani! Ndiyo daktari, nimesikia daktari! Umesikia nini, redio?"

Kina mama wakaangua kicheko. Hata yule wa dirishani. Hata Sista, aliyegeukia ukuta. Mama Mkubwa alisimama katikati ya kicheko hicho ameinama, na kilimpiga kila mahali, na hakukuwa na heshima hata ya kujifunikia uso.

"Hutoki hapo mpaka usikie. Sogeza polepole, funga macho, nyamaza. Sisi tunaendelea." Na viatu vyake vikaondoka vikigonga sakafu, na Mrefu na Miwani nyuma yake.

Alifunga macho. Alisogeza chombo kidogo, akasikiliza, akakisogeza tena. Mtoto alikuwa anahema kwa hasira, akijaribu kuukamata mpira wa kile chombo. Mkono mwingine, mdogo, mkavu, ulikuja ukaishika mikono ya mtoto isimsumbue. Alijua ni wa nani bila kufungua macho.

"Fanya haraka," alisema yule msichana. "Mwanangu ana njaa."